Hakuiba, Hakutunga: B.B. King na Wimbo wa Roy Hawkins

Wapenzi wa gitaa hawakosi la kubishania, na ukimtaja B.B. King ubishi hauchukui muda kufika kwenye "The Thrill Is Gone". Aliurekodi New York mwezi wa Juni 1969, akiwa na miaka 43 na santuri nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka mwenyewe. Kisa chake ni chepesi kusimulia: mtu anamwambia mpenzi wake kwamba raha imekwisha, kosa ni la huyo mwenzake, na yeye ataendelea na maisha yake hata kama ni kwa upweke. Juu ya kisa hicho chepesi yamejengwa madai mengi mazito. Mengine yanatoka kwa watu wasiompenda King. Mengine yanatoka kwa wanaompenda kupita kiasi, na hayo ndiyo magumu kuyang'oa.

Nianze na hilo la mapenzi: kwamba wimbo ni wake, kautunga yeye. Sivyo. Wimbo ulitoka 1951 kwa sauti ya Roy Hawkins, mwimbaji na mpiga kinanda wa California, kwenye lebo ya Modern ya Los Angeles, ukapanda hadi nafasi ya 6 kwenye chati ya R&B ya jarida la Billboard. Watunzi wanaotambuliwa leo ni Hawkins huyo na Rick Darnell. Na Hawkins hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefika nafasi ya 2 kwa "Why Do Everything Happen to Me", wimbo ambao King naye aliurudia baadaye. Katikati ya mafanikio hayo ajali ya gari ilimpoozesha mkono, naye ni mpiga kinanda. Ukiwa na habari hiyo, santuri ya 1951 huisikii tena kama kitangulizi cha kitu kikubwa kilichokuwa njiani. Ni kazi ya mtu mzima aliyekuwa na yake ya kusema.

Wapo pia wanaojiona wamechimba zaidi, wakisema wimbo ni wa 1931, kutoka maonyesho ya Broadway. Hao wamechanganya. Kweli kuna "The Thrill Is Gone" ya mwaka huo, ya Lew Brown na Ray Henderson, na Chet Baker aliiimba kwa ule upole wake. Jina ni moja, wimbo ni mwingine kabisa, maneno na sauti.

Mtu akishaelewa kwamba King si mtunzi, mara nyingi huruka moja kwa moja hadi upande wa pili: basi aliiba. Mkubwa kamnyang'anya mdogo, mwenye jina kamfunika asiye na jina. Dai hili lina mvuto kwa sababu historia ya muziki wa watu weusi Marekani imejaa wizi wa kweli, na msikilizaji mwenye dhamira anatafuta pa kuuonyesha. Hapa, hata hivyo, anaonyesha pasipo.

Tuangalie walivyokuwa. Hawkins alipotoa santuri yake, King alikuwa mtangazaji wa WDIA, Memphis, kituo cha kwanza nchini humo kuelekeza vipindi vyake vyote kwa wasikilizaji weusi. Hizo herufi B.B. zenyewe ni masalia ya jina lake la redioni. Wakati huohuo alikuwa akirekodi na lebo ya RPM, ambayo ilikuwa tawi la Modern, mali ya ndugu wa familia ya Bihari. Kwa maneno mengine, aliyeuimba kwanza na atakayeurudia miaka kumi na minane baadaye walikuwa na tajiri mmoja. King alieleza zaidi ya mara moja kwamba aliubeba wimbo ule kichwani kwa miaka mingi kabla haujamkubali. Sheria ya Marekani, tangu 1909, inaruhusu msanii yeyote kurekodi wimbo uliokwisha kutolewa, mradi wenye wimbo walipwe kwa kila nakala. Kuurudia wimbo, basi, hakukuwa siri wala kosa.

Kama kuna wizi wa kutafuta, tuutafute ofisini, si studio. Ndugu wa Bihari walikuwa na mazoea ya kujiongeza kwenye orodha ya watunzi kwa majina ya kubuni. Jules Bihari alijiandika "Taub", naye "Taub" anaonekana kuwa mtunzi hodari sana ukifuata lebo za santuri za wakati ule. King mwenyewe alikuwa pande zote mbili za mchezo huo. Wimbo uliomtoa, "Three O'Clock Blues", aliourekodi 1951 kwenye ukumbi wa YMCA mjini Memphis na uliokaa kileleni mwa chati ya R&B kwa majuma matano, ulikuwa wa Lowell Fulson, aliyeutoa 1948. Santuri ya King ikatoka na jina la King na la Taub. Na "The Thrill Is Gone" nayo, ilipotoka upya, ilizunguka kwa muda ikiwa na majina ya watunzi ambayo hayakuwa ya Hawkins wala Darnell. Msikilizaji wa Kiswahili haoni ajabu hapa, kwa sababu ameishi na ubishi wa "Malaika" maisha yake yote: Fadhili William kaurekodi, wengine wakadai ni wao walioutunga, na Miriam Makeba kaupeleka duniani. Hakuna anayesema Makeba ni mwizi. Tunauliza nani aliandikishwa na nani alilipwa, na hayo ni maswali ya makaratasi. Hawkins anastahili maswali hayohayo, na King hastahili hatia isiyo yake.

Dai linalofuata ni la wanamuziki zaidi kuliko wasikilizaji: ni kopi tu. Yaani King alichukua kilichokuwepo, akakipiga vizuri zaidi, kwenye studio bora zaidi, basi. Anayesema hivi nadhani hajazisikiliza zote mbili mfululizo, au amezisikiliza huku akizungumza.

Rekodi ya Hawkins ni ya mwimbaji. Bendi ndogo ya ule mtindo wa California inakaa nyuma yake, imetulia kama inavyofaa klabu ya usiku ambako watu hawapigi kelele, na sauti inasimulia. Rekodi ya King ina wasimulizi wawili. Kabla hajafungua kinywa, gitaa limekwisha kuzunguka duru nzima ya vipimo 12. Ndipo anaimba mstari, ananyamaza, na gitaa linajibu. Hapigi chini ya sauti yake mwenyewe. Alikuwa akisema wazi kwamba kuimba na kupiga kwa pamoja havimwendei. Wengi wangeona huo ni upungufu. Yeye aliufanya kuwa utaratibu wa kazi, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Sehemu ya mwisho haina maneno kabisa. Gitaa ndilo linalobaki likizungumza, kwa muda mrefu kuliko ulivyokuwa uvumilivu wa redio za wakati ule, na ndiyo maana waliokuwa na albamu walisikia zaidi ya dakika tano ambazo wenye santuri ndogo walikatiwa.

Halafu kuna bendi. King alikuwa na kikosi chake cha safarini, watu waliomjua hadi anavyokohoa. Prodyuza wake kijana, Bill Szymczyk, yule ambaye miaka michache baadaye angesimamia "Hotel California" ya Eagles, hakukitumia. Aliwaita wapigaji wa studio wa New York: Jerry Jemmott kwenye besi, Herb Lovelle kwenye dramu, Paul Harris kwenye kinanda cha umeme, Hugh McCracken kwenye gitaa la pili. Msikilize Jemmott peke yake, mara moja tu, ukiacha kila kitu kingine. Besi yake haisindikizi. Inatembea na kusimama inapotaka, inaacha mwanya pale ambapo mpigaji mwingine angejaza, na mwanya huo ndio King anaoupenyeza gitaa lake. Bila besi ile rekodi hii ingekuwa nyingine, pengine ya kawaida. Anayeita hii kopi anieleze ni wapi kwenye santuri ya 1951 pameandikwa besi ile.

Hapo sijagusa vayolini, na vayolini ndizo zinazowaudhi wengi.

"Zimeharibu bluzi." "Zimeupaka sukari." "Kampuni ilimlazimisha." Nitaanza na hilo la kulazimishwa kwa sababu ni fupi. Wazo la nyuzi lilikuwa la Szymczyk, lilimjia baada ya bendi kumaliza kurekodi, akampigia King simu usiku wa manane kumweleza, na King akakubali. Mpangaji akawa Bert DeCoteaux. King hakushikwa mkono. Alikuwa mtu wa bendi kubwa zenye matarumbeta na saksafoni, mpenzi wa Count Basie na wa Django Reinhardt, na hakuwahi kuamini kwamba bluzi ni lazima ivae matambara ili iaminike.

Hilo la kuharibu linahitaji jibu refu zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna picha ya bluzi ambayo si ya kweli: mzee mmoja, gitaa moja, kibaraza cha mbao, Mississippi. Picha hiyo ilipendwa sana na wakusanyaji wa santuri wa miaka ya 1950 na 1960, wengi wao wakitoka mbali na Mississippi. Sasa tuwaulize Wamississippi wenyewe. Mississippi Sheiks, kundi la familia ya Chatmon, walitoa "Sitting on Top of the World" mwaka 1930, mojawapo ya nyimbo za bluzi zilizorudiwa mara nyingi kuliko zote, na chombo kinachoongoza pale ni fidla ya Lonnie Chatmon. Lonnie Johnson, ambaye King alimtaja maisha yake yote kuwa mwalimu wake wa mbali, alikuwa mpiga vayolini pia, na santuri zake za vayolini zipo. Katika mashamba na madansi ya watu weusi wa kusini fidla ilikuwepo kabla gitaa halijawa rahisi kununuliwa. Kwa hiyo mtu anayeiona vayolini kuwa mgeni kwenye bluzi ameingia nyumbani kwa watu na kumuuliza babu anatafuta nini.

Jambo la haki kuulizwa ni kama vayolini hizi, za DeCoteaux, zimefanya kazi nzuri. Mimi nasema ndiyo, nikiwa na kasoro moja ya kutaja. Hazianzi na wimbo. Zinaingia taratibu, chini sana, na hazimfuati King kwa kuiga alichopiga. Zinashika noti ndefu ambazo gitaa haliwezi kuzishika, kwa kuwa uzi ukishapigwa sauti yake huanza kufa papo hapo. Kadiri maneno yanavyopungua ndivyo zinavyopanda, hadi mwisho zinapobaki na gitaa uso kwa uso. Kasoro yangu iko hapohapo mwishoni: kwenye albamu zinakawia kidogo kuliko zilivyo na la kusema. Lakini kukawia ni jambo la mpangaji kuupunguza mkono, na hakuhalalishi kudai kwamba ziliharibu kitu.

Na kwa anayedhani wimbo unasimama kwa sababu ya vayolini, ushahidi uko Kinshasa. Mwezi wa Septemba 1974 King alipanda jukwaa la tamasha la Zaïre 74 kwenye Uwanja wa 20 Mei, tamasha lililoandaliwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, ingawa Foreman aliumia jicho mazoezini na pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. King aliupiga wimbo huu pale na bendi yake ya safarini, saksafoni na matarumbeta, bila vayolini hata moja. Filamu ya "Soul Power", iliyotoka 2008, inamwonyesha akiupiga. Unaanza kwa kasi zaidi, jasho linatiririka, uso unakunjamana kwa kila noti, na hakuna kilichopungua.

Kinshasa inanileta kwenye dai ninalolisikia zaidi huku kwetu, na ambalo naliheshimu hata ninapolikataa: kwamba bluzi ni ya Afrika, na King siku ile alikuwa amerudi nyumbani. Nusu yake inashika. Wataalamu wa muziki wameonyesha kwa muda mrefu kwamba namna fulani za kuimba na za kupiga vyombo vya nyuzi zilizosikika kusini mwa Marekani zina ndugu zao katika Afrika Magharibi, hasa maeneo ya Sahel, na banjo ilizaliwa kutokana na vyombo vya Waafrika waliotumwa ng'ambo kwa minyororo. Lakini Kinshasa haiko Sahel. Kutoka Bamako hadi pale ni safari ya maelfu ya kilomita. Gitaa la Franco, aliyekuwa kwenye tamasha hilohilo na TPOK Jazz, kama alivyokuwepo Tabu Ley, lilipita njia nyingine: santuri za Kuba zilizofika Léopoldville, rumba ikarudi Afrika kwa meli na kuzaliwa upya mkononi mwa Wakongo. Ukiwasikiliza King na Franco kwa kufuatana, unawasikia watu wawili wanaopiga gitaa la umeme kwa akili mbili tofauti. Mmoja anajenga kwa noti moja inayolia peke yake. Mwingine anajenga kwa mizunguko ya magitaa matatu yanayosukana hadi watu wainuke. Kusema mmoja ni mtoto wa mwingine ni kuwapunguza wote wawili. Bluzi ni kazi ya Wamarekani weusi, waliyoifanya kwenye pamba, magereza, makanisa na miji yao. Ukoo haumfanyi babu kuwa ndiye aliyeandika kitabu cha mjukuu.

Sasa tuje kwa wapigaji, maana wao wana lao: King alikuwa mpigaji wa kawaida. Noti chache, zilezile, hajui hata kodi za gitaa. Na kwa dai hili shahidi wao mkuu ni King mwenyewe. Katika filamu ya U2, "Rattle and Hum", ya 1988, anawaambia vijana wale wa Ireland bila aibu kwamba kodi hazimpi raha na wamtafutie mtu mwingine wa kuzipiga. Basi, wanasema, kesi imekwisha.

Kesi haijaanza. Kwanza tusahau kasi. Kuna vijana Dar es Salaam na Nairobi leo wanaoweza kupiga noti nyingi kwa dakika moja kuliko alizopiga King kwenye wimbo mzima, na wengine wanazipiga vizuri. Uzito wa King uko kwenye kinachoipata noti baada ya kupigwa. Mama yake alikuwa na binamu, Bukka White, mpiga bluzi wa Mississippi aliyeteleza chuma juu ya nyuzi na kuzifanya zilie kama mtu. King alipohamia Memphis miaka ya 1940 aliishi kwa White kwa miezi kadhaa, akajaribu kuteleza chuma kama yeye, akashindwa. Akaamua kukitafuta kilio kile kwa vidole vitupu: kidole cha shahada kinaushika uzi, kidole gumba kinaachia shingo ya gitaa, na kiganja kizima kinatikisika kama mtu anayepunga. Mtetemo huo ni wake. Wapo waliotumia maisha yao kuutafuta, na wengi wameishia kupata tikisiko la kiwiko.

Pili, "The Thrill Is Gone" ni mahali pagumu pa kupiga noti chache. Bluzi nyingi za King ziko kwenye meja, na ndani yake mpigaji anaweza kupindisha uzi kati ya furaha na huzuni apendavyo, makosa yakajificha. Hii iko kwenye B maina. Na inapofika kipimo cha tisa, pale ambapo bluzi ya kawaida ingekwenda kwenye ngazi ya tano, bendi inapanda hadi G na ndipo inashuka nusu hatua hadi F shapu. Hapo ndipo mpigaji wa noti nyingi huanguka, kwa kuwa vidole vyake vimezoea kukimbia kwenye njia moja na ardhi imehama chini yake. King anafika pale akiwa na noti moja iliyochaguliwa, anaishika, na G inapogeuka F shapu noti hiyohiyo inabadilika maana bila yeye kuihamisha sana. Huwezi kufanya hivyo bila kuzisikia kodi. Alizisikia zote. Hakutaka kuzipiga, basi.

Nitaongeza jambo ambalo wapigaji gitaa hawapendi kuambiwa. Tuzo ya Grammy iliyoupata wimbo huu ilikuwa ya uimbaji bora wa kiume wa R&B. Majaji walisikia sauti. Miaka hii yote tumebishania vidole vyake tukasahau koo, sauti iliyolelewa kwenye kwaya za kanisa za Mississippi, inayoweza kuanza mstari kwa kunong'ona na kuumaliza kwa kufoka bila kupoteza neno hata moja njiani.

Kuna dai la kisiasa pia, na nitalipitia upesi kwa sababu takwimu zinalimaliza. Inasemwa kwamba kwa wimbo huu King aliwaacha watu wake na kuwapigia Wazungu. Ni kweli kwamba mwaka 1967 vijana wa Kizungu wa San Francisco walimsimamia ukumbini Fillmore kabla hajapiga hata noti, naye akatokwa na machozi. Ni kweli kwamba mwishoni mwa 1969 alifungua maonyesho ya Rolling Stones. Lakini wimbo ulipotoka ulifika nafasi ya 15 kwenye chati ya jumla ya Billboard, na nafasi ya 3 kwenye chati ya soko la watu weusi. Walioununua kwa wingi zaidi, kwa kadiri ya soko lao, ni walewale aliokuwa akiwafuata kwenye kumbi za kusini mwaka 1956, alipofanya maonyesho 342 kwa mwaka mmoja. Wazungu walikuja kwenye karamu iliyokwisha kuandaliwa.

Wengine wanasema rekodi ya 1969 ndiyo neno la mwisho, na kila toleo lingine, hata la King mwenyewe, ni kivuli. Siwezi kukubali, nikikumbuka tarehe 10 Septemba 1970. Siku hiyo King alipiga ndani ya gereza la wilaya ya Cook, Chicago, mbele ya wafungwa zaidi ya 2,000, wengi wao wakingoja tu kesi zao. Rekodi ya siku hiyo, iliyotoka 1971, inaanza kwa afande na hakimu kutambulishwa na wafungwa kuzomea, tena kwa nguvu na kwa furaha. Sijui albamu nyingine yenye ufunguzi wa kweli kuliko huo. Ndani ya albamu hiyo "The Thrill Is Gone" imevuliwa kila kitu cha studio. Kuna matarumbeta, kuna jua la uwanjani, kuna watu ambao neno la kupotewa na raha haliwahusu mapenzi peke yake. Toleo la New York limetengenezwa vizuri zaidi. Toleo la gerezani ndilo ninalolirudia. King hakuacha kuubadilisha: mwaka 1997 aliurekodi tena akiwa na Tracy Chapman, na sauti ya mwanamke huyo inageuza lawama ya wimbo iwe mazungumzo ya watu wawili wenye makosa.

Limebaki dai moja, nalo linatoka kwa wanaoupenda wimbo bila kuyafuata maneno yake: kwamba ni wimbo wa kilio, wa mtu aliyeachwa, unaofaa kupigwa taa zikiwa zimezimwa. Sauti ya maina imewadanganya. Ukifuata maneno hadi ubeti wa mwisho, anayeimba hajaachwa. Ndiye anayeondoka. Anasema ameponyoka kwenye uchawi wa mwenzake, yuko huru, na baada ya kusema hivyo anamtakia heri. Upweke anaoutaja ni gharama anayokubali kuilipa. King anauimba hivyo pia: hasihi hata mara moja, na gitaa linalofuata baada ya ubeti huo linanguruma kuliko linavyolia.

Aliyelisikia hilo mapema kuliko wote ni Aretha Franklin. Mwaka huohuo wa 1970, wimbo wa King ukiwa bado mpya masikioni, aliurekodi kwenye albamu ya "Spirit in the Dark", kinanda kikiwa mbele na waitikiaji nyuma yake. Waitikiaji wale hawalii. Wanaposogea mwisho wanachukua maneno ya uhuru yatokayo kwenye nyimbo za kale za watumwa, yaleyale ambayo Martin Luther King alifungia hotuba yake ya Washington mwaka 1963, na kuyatia ndani ya kisa cha mwanamke anayefunga mlango wa nyumba aliyokuwa akiteswa ndani yake.